Waifai nyumbani Mtwara: nifunge nini ili watoto wawe salama?

Mama Mikindani

Habari za jioni ndugu zangu. Nyumbani tumeweka ruta ya 4G, ile ndogo ya kuweka laini. Watoto ni wawili. Mkubwa ni wa kiume, miaka 13, kidato cha kwanza, ana Tecno yake iliyonunuliwa ikiwa imeshatumika. Mdogo ni binti wa miaka 8, jioni anachukua simu yangu kuangalia katuni. Mchana wanabaki na bibi yao, na bibi simu anaijua kwa kupiga na kupokea tu.

Naomba kueleweshwa mambo matatu. Kwenye ruta kuna sehemu ya kufunga picha chafu kwa simu zote mara moja? Huyu mkubwa nimwekee nini bila kuizima WhatsApp, maana kazi za tuisheni zinatumwa kwenye grupu? Na ikitokea mtu mzima anamwandikia mambo ya ajabu, naanzia wapi? Natanguliza shukrani.

Fundi Chikongola

Dada, sehemu ipo. Ukiwa kwenye waifai yako, fungua kivinjari uandike 192.168.8.1, ndiyo anwani ya ruta nyingi za Huawei. ZTE na TP-Link mara nyingi ni 192.168.0.1 au 192.168.1.1. Usibahatishe, geuza ruta usome stika ya chini: anwani ipo hapo, pamoja na jina la kuingilia na nenosiri. Ukishaingia, kabla ya kugusa kitu kingine badilisha nenosiri hilo. Likibaki admin, kijana wa kidato cha kwanza ataingia jioni hiyohiyo na kufuta ulichoweka.

Ndani tafuta DHCP, ndiyo inayozigawia simu anwani. Pana visanduku viwili vya DNS, yaani huduma inayoiambia simu kila tovuti iko wapi. Cha kwanza andika 1.1.1.3, cha pili 1.0.0.3. Ni huduma ya bure ya Cloudflare: simu ikiuliza tovuti ya ngono au ya virusi iko wapi, haipewi anwani yake, ukurasa haufunguki. Angalia sana tarakimu ya mwisho, kwa sababu 1.1.1.1 haizuii chochote, na 1.1.1.2 inazuia virusi peke yake. Ukitaka kali zaidi kuna CleanBrowsing, 185.228.168.168 na 185.228.169.168. Hiyo inazilazimisha Google, Bing na YouTube zibaki kwenye hali salama na inafunga tovuti nyingi za VPN, yaani programu za kupitia njia ya pembeni kukwepa vizuizi, ila itafunga pia tovuti zenye mchanganyiko wa mazuri na machafu kama Reddit.

Kosa la kawaida ni kuweka 1.1.1.3 juu na 8.8.8.8, ya Google isiyochuja kitu, chini, eti mtandao usije ukakatika. Simu inaweza kuiuliza ile ya chini muda wowote, na hapo kichujio hakina kazi. Visanduku vyote viwili vijazwe za huduma moja. Hifadhi, zima ruta uiwashe, kisha zima na kuwasha waifai kwenye kila simu ili ichukue mpangilio mpya. Kama umeweka ya Cloudflare, kupima andika nudity.testcategory.com. Ni ukurasa uliowekwa kwa ajili ya kupimia, huna haja ya kufungua tovuti chafu ya kweli. Usipofunguka, umefanikiwa.

Sasa yanayoharibu, na haya ndiyo ya kuyajua.

Ruta nyingi zinazouzwa na kampuni za simu zimefungwa sehemu ya DNS. Kama visanduku huvioni au vimefifia, acha, utaweka kichujio kwenye simu yenyewe. Mipangilio, Mtandao na intaneti, kisha Private DNS, ambayo kwenye simu ya Kiswahili ni DNS ya Faragha. Chagua nafasi ya kuandika jina la mtoa huduma, weka family.cloudflare-dns.com, hifadhi. Inahitaji Android 9 kwenda juu. Uzuri wake inamfuata mtoto hata akizima waifai na kuwasha bando lake, jambo ambalo kichujio cha ruta hakiwezi.

Kama mtandao wako unagawa na IPv6, yaani aina mpya ya anwani za mtandao, simu inaweza kuuliza kwa njia hiyo ikakipita kichujio. Jaza 2606:4700:4700::1113 na 2606:4700:4700::1003 kwenye DNS ya IPv6, au kwenye APN ya ruta, ule mpangilio wa intaneti ya laini, chagua IPv4 tu, yaani aina ya zamani.

Opera Mini ni tundu kubwa. Ikiwa kwenye hali yake ya kubana data sana, kurasa zinapitia kwanza kwenye seva zake zenyewe, kwa hiyo DNS yako haiulizwi kabisa. Iondoe. VPN za bure nazo vivyo hivyo.

La mwisho ni kile kitundu cha nyuma ya ruta. Mtu akichomeka kipini akabana sekunde kama 10, ruta inarudi ilivyotoka kiwandani na kazi yako yote imefutika. Kwa hiyo badilisha jina la waifai, weka la kwako. Siku ukiona jina la kwenye stika limerudi, ujue kitundu kimebanwa.

Baba wa Ruangwa

Mimi nasema wazi: kijana wa kidato cha kwanza hahitaji simu. Mnyang'anye, apewe akimaliza kidato cha nne. Kazi za tuisheni zije kwenye simu ya mama. Hizo namba zote za nini?

Mwalimu Nachingwea

Nakuheshimu Baba wa Ruangwa, na hilo la kazi kuja kwenye simu ya mama ni zuri, wengine linawafaa. Lakini kumnyang'anya peke yake kunamhamishia kwenye simu ya mwenzake, ambayo haina kichujio na wewe hupo. Tena picha chafu hazipiti intaneti tu. Vibanda vya kuingiza nyimbo na filamu vinajaza memori kadi kwa bei ndogo, na ndani ya folda ya muziki mna video ambazo mtoto hakuziomba. Watoto wanarushiana kwa Xender bila bando hata kidogo. DNS haioni hata moja ya hizo. Memori kadi ikirudi kutoka kibandani, ifungueni pamoja kwa programu ya mafaili, si kwa galari, kwa sababu folda lililofichwa galari hailionyeshi. Kwenye programu ya mafaili washeni kuonyesha mafaili yaliyofichwa.

Jambo la pili ni grupu la tuisheni lenyewe. Mara nyingi linki ya grupu inasambazwa hovyo, na ndani wanaingia watu wazima wasio walimu wala wazazi. Mwombe kiongozi wa grupu awashe kipengele cha kuidhinisha washiriki wapya, na abadilishe linki ya zamani. Kuibadilisha kunaifanya ile inayozunguka isifanye kazi tena.

Kwenye WhatsApp ya kijana, Mipangilio, Faragha, Vikundi: chagua Anwani zangu, yaani watu aliohifadhi namba zao, ili asivutwe kwenye magrupu na watu asiowajua. Picha ya wasifu nayo iwe Anwani zangu. Kwenye Simu, washa kunyamazisha namba zisizojulikana. Kwenye Hifadhi na data zima upakuaji wa kiotomatiki wa picha, sauti, video na hati, kwa waifai na kwa data, uovu usije ukaingia kwenye simu kabla hajaamua kuufungua. Uthibitishaji wa hatua mbili uwekeni pamoja, PIN ya tarakimu sita, na barua pepe ya kuokolea iwe ya mama. Kisha kagueni Vifaa vilivyounganishwa. Mtu akiishika simu dakika moja tu anaweza kuiunganisha WhatsApp hiyo na kompyuta yake akawa anasoma kila kitu kimyakimya. Kifaa msichokijua, kiondoeni.

Duka la Simu Lindi

Naongezea upande wa simu yenyewe. Msimu wa korosho ukifika, pesa za mnada zikiingia, simu zinanunuliwa harakaharaka na muuzaji anamfungulia mteja barua pepe ya haraka, nenosiri linabaki kwa muuzaji au linasahaulika. Ndiyo chanzo cha nusu ya matatizo ya udhibiti wa wazazi. Mama, hakikisha barua pepe yako mwenyewe unaijua nenosiri lake kabla hujaanza, kwa sababu hiyo ndiyo itakuwa ufunguo wa simu ya mtoto.

Kwa kuwa Tecno hiyo imeshatumika, nenda Mipangilio, Akaunti, uone kama akaunti ya mmiliki wa zamani bado ipo. Ikiwepo, mtoto anaingia Play Store kupitia akaunti ya mtu mzima na udhibiti wako wote hauna maana. Namna safi zaidi ni kuirudisha simu ilivyotoka kiwandani, lakini kwanza iondoe akaunti ile, la sivyo simu inaweza kujifunga ikidai nenosiri la mmiliki wa zamani. Hilo huwezi kulitatua mwenyewe.

Baada ya hapo pakua Family Link, programu ya Google ya udhibiti wa wazazi, kwenye simu yako. Kwenye ya mtoto, Mipangilio, kisha Nidhamu Dijitali na vidhibiti vya wazazi, fuata hatua. Tarehe ya kuzaliwa iwe ya kweli. Kijana wa miaka 13 ambaye tayari ana akaunti yake lazima naye aingie na kukubali kwenye simu yake, kwa hiyo zungumza naye kabla. Mkishaunganisha, weka haya: kila programu mpya ipitie idhini yako, Chrome iwe kwenye hali ya kujaribu kuzuia tovuti chafu, Utafutaji Salama uwashwe, na programu kutoka nje ya Play Store zizuiwe. Hili la mwisho ni muhimu sana, maana Vidmate ya kupakulia video na nyinginezo zinazorushwa kwa Xender hazipitii Play Store.

Chrome inayosimamiwa haina ile hali fiche, isiyoacha historia ya kurasa. Ila Tecno na Infinix zinakuja na vivinjari vyake vingine, mfano Phoenix, ambavyo kanuni za Chrome haviziangalii. Havitoki moja kwa moja, lakini ndani ya Family Link unaweza kuvifunga kimojakimoja.

Mengine yatakayokusumbua: ukibadilisha kitu na simu ya mtoto haina bando, badiliko halifiki mpaka iunganishwe. Muda uliokwisha kuuweka unaendelea kufanya kazi hata bila intaneti. Na simu ikijifunga wakati anaihitaji kwa dharura, kwenye Family Link yako kuna namba ya siri ya mzazi inayobadilika. Unamsomea kwa simu, anaiandika, inafunguka.

Kwa yule binti wa miaka 8: YouTube Kids, si YouTube ya kawaida. Chagua hali ya maudhui uliyoyaidhinisha wewe tu, hapo utafutaji unazimika wenyewe. Sehemu ya wazazi kwa kawaida inafunguliwa kwa kujibu swali la kuzidisha, na mtoto anayejua jedwali la hesabu ataifungua, kwa hiyo weka namba yako mwenyewe. Kisha bandika programu: Mipangilio, Usalama, Kubandika programu, washa, na uwashe pia kuuliza PIN kabla ya kubandua. Ukimpa simu, fungua YouTube Kids, nenda kwenye programu za hivi karibuni, gusa alama yake, bandika. Hatoki humo. Bila hivyo anazunguka hadi kwenye meseji zako za M-Pesa. Na PIN ya pesa isiwe ileile ya kufungulia simu, wala mwaka wa kuzaliwa wa mtoto. Play Store nayo iwekee sharti la uthibitisho kwa kila ununuzi.

Mama Mikindani

Asanteni sana, Mungu awabariki. Ruta yangu haina visanduku vya DNS, nimeweka ile ya Faragha kwenye simu ya kijana. Nyumbani ni sawa. Ila akiwa kwa shangazi yake Shangani kuna waifai ya vocha, ule ukurasa wa kuingiza namba ya vocha haufunguki kabisa. Kwenye simu yangu nayo nimeweka, ikakataa, hata WhatsApp ikakatika.

Fundi Chikongola

La vocha ni kawaida. Ukurasa ule unaletwa na DNS ya ruta ya waifai hiyo, na simu yako imekatazwa kuuliza kokote isipokuwa Cloudflare, ambayo haifikiki mpaka vocha iingie. Rudisha DNS ya Faragha kwenye Kiotomatiki, ingiza vocha, ukishapata mtandao rudisha jina. Asiposhika simu mtu mzima hapo Shangani, ni heri atumie bando siku hizo, vinginevyo atazoea kuizima na haitarudi.

Simu yako ina herufi iliyokosewa. Jina ni family, nukta, cloudflare, kistari, dns, nukta, com. Herufi ndogo zote, hakuna http mbele, hakuna nafasi mwishoni. Kibodi zinapenda kuongeza nafasi baada ya neno, na nafasi hiyo moja inatosha kukata intaneti ya simu nzima, WhatsApp ikiwemo. Halafu sehemu hiyo ya DNS ya Faragha haina kufuli yake. Kwenye Tecno tumia kufuli ya programu uifunge Mipangilio yenyewe kwa namba unayoijua wewe.

Ustawi Kusini

Mama, swali lako la tatu ndilo zito, naomba nilijibu kwa kirefu. Tovuti chafu inamdhuru mtoto, lakini mtu anayemwinda anamdhuru zaidi, na kichujio hakimwoni, kwa sababu anapita kwenye WhatsApp, TikTok na chati za ule mchezo wa Free Fire kama mtu mwingine yeyote. Mara nyingi si mgeni wa mbali. Anaweza kuwa mtu wa mtaani, wa grupu la dini au la mpira.

Namna yao inafanana. Anaanzia kwenye grupu la wazi, anahamia pembeni. Anamsifia, anauliza yuko na nani nyumbani na mama anarudi saa ngapi. Anampa kitu: vocha, bando, almasi za Free Fire. Anamwambia iwe siri yao. Kisha anaomba picha, kwanza ya kawaida, baadaye ya mwili. Akishaipata, vitisho vinaanza, tuma nyingine au pesa, au naisambaza shuleni. Alama moja ambayo mzazi anaweza kuiona mapema ni bando. Mtoto ana data kila siku na hakuna aliyemnunulia. Uliza kwa upole limetoka wapi.

Pigeni pia *106# kwenye simu yenu, muone laini zote zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Mtoto akiwa na laini isiyokuwemo humo, jueni kuna mtu mwingine aliyemsajilia.

TikTok ina ulinzi wake: aliye chini ya miaka 16 akaunti yake ni ya faragha tangu mwanzo na hapokei ujumbe wa moja kwa moja. Ila watoto wanaandika mwaka wa uongo waonekane wana 18, na ulinzi wote unaondoka. Akaunti ya namna hiyo ni bora ifutwe, ifunguliwe mpya kwa tarehe ya kweli, kisha uiunganishe na yako kwa kipengele cha kuunganisha familia.

Ikitokea imetokea: usimpige na usimfokee, hata kama ametuma picha. Akiadhibiwa, safari ijayo atanyamaza, na kunyamaza ndiko anakokutaka yule mtu. Usilipe, akilipwa anarudi. Usifute mazungumzo. Piga skrinishoti za maneno zikionyesha namba ya simu au jina la akaunti, tarehe na saa. Baada ya hapo ndipo mzuie na umripoti ndani ya programu, maana ukimzuia kwanza unaweza kupoteza ushahidi.

Picha ya utupu ya mtoto isirushwe kwa mtu yeyote, hata kwa baba yake, hata kwa mwalimu kwa nia ya kuonyesha. Ibaki kwenye simu hiyohiyo, ndiyo ipelekwe polisi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 13, inakataza kuchapisha au kumwezesha mtu kupata picha za ngono za mtoto, na mtoto kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ni yeyote aliye chini ya miaka 18. Nia njema haikuondoi kwenye hatari hiyo.

Nenda kituo cha polisi, uliza Dawati la Jinsia na Watoto, chukua RB, ile namba ya taarifa yako. Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri anaweza kukusindikiza na kumsaidia mtoto kwa mazungumzo. Huduma ya Simu kwa Mtoto ni 116, bure, mtoto mwenyewe anaweza kupiga, na bibi pia. Iandikeni kwenye simu ya bibi kwa jina ambalo analifahamu. Kama ni utapeli wa pesa tu, zile za tuma kwenye namba hii, namba hiyo iripotiwe kwa 15040.

Kwa picha ambayo tayari imeenda kuna huduma ya bure iitwayo Take It Down, takeitdown.ncmec.org, kwa picha iliyopigwa mhusika akiwa chini ya miaka 18. Picha haitoki kwenye simu. Inatengenezwa alama ya tarakimu ya picha hiyo, na Facebook, Instagram, TikTok na majukwaa mengine yanayoshiriki yanaitumia kuitafuta na kuiondoa. Haifiki ndani ya mazungumzo ya WhatsApp, kwa hiyo iliyo kwenye magrupu inabidi iripotiwe hukohuko na kwa polisi.

Binti Newala

Naomba niongeze moja tunalolifanya sisi watu wazima. Likizo zikifika, watoto wakitoka jandoni na unyagoni, tunapiga picha na kuziweka stetasi siku nzima. Wengine wako nusu uchi, wengine wamevaa sare zenye nembo ya shule, na chini tumeandika jina kamili na kijiji. Stetasi inaonwa na kila mwenye namba yako ambaye nawe umehifadhi yake, pamoja na fundi, dereva na mteja wa mara moja, na yeyote anaweza kupiga skrinishoti. Kwenye faragha ya stetasi kuna nafasi ya kushiriki na watu unaowachagua tu. Chagua ndugu, basi. Picha ya mtoto bila nguo ya juu isiwekwe kabisa, hata kama ni furaha ya ukoo mzima.

Mama Mikindani

Nimeelewa. Swali la mwisho kwa fundi: usiku anakesha. Ruta naweza kuiwekea muda?

Fundi Chikongola

Ruta nyingi zina udhibiti wa muda, unachagua simu kwa anwani yake ya MAC, namba inayoitambulisha kwenye waifai, na kuandika, mfano, saa 3 usiku hadi saa 12 asubuhi. Kinachoshinda watu ni kwamba Android 10 na kuendelea inatumia MAC ya kubuni kwa kila waifai, hivyo ukiandika ile ya kwenye boksi la simu haizuii kitu. Kwenye simu ya kijana gusa jina la waifai yako, Faragha, chagua kutumia MAC ya kifaa, kisha ndiyo uiandike kwenye ruta. Hakikisha pia saa ya ruta ni sahihi. Ikiwa haijapata saa ya Afrika Mashariki itafunga saa 6 usiku badala ya saa 3.

Lakini kumbuka ana bando, na vifurushi vya usiku ni vya bei nafuu, vinawavuta watoto kukesha. Kwa hiyo muda wa kulala uweke kwenye Family Link, huo unafunga simu yenyewe bila kujali intaneti inatoka wapi. Na chaja ikae chumbani kwako.